Kitako cha Meza ya Cornelius

Mume wangu Cornelius amekula wima miaka thelathini na mmoja. Wima kabisa, sisemi kwa mzaha. Ukimpa sahani anaipokea vizuri, anashukuru, anatoka nayo hadi mlangoni, anasimama, anakula huku macho yako barabarani. Akimaliza anarudisha sahani tupu na kusema asante Mama Faith, na mimi bado niko mkekani na watoto, tonge la pili sijalimaliza. Nilipoolewa nilidhani ni haya ya ugeni. Mtoto wa tatu alipozaliwa nikajua hapana, huyu bwana ndivyo alivyo.

Sababu ni lori. Alianza utingo, akapewa usukani, akawa anapakia mahindi Sumbawanga kupeleka Kasesya mpakani, na akirudi anapitia Kasanga kuchukua dagaa. Lori lenyewe lilikuwa na betri mbovu. Ukilizima, kuliwasha tena ni kutafuta wanaume sita wa kusukuma. Kwa hiyo halikuzimwa. Chakula kilinunuliwa njiani, sahani ikawekwa juu ya bampa, dereva akala amesimama huku injini inanguruma mbele yake. Hata alipopitia nyumbani ilikuwa hivyohivyo. Mimi namwambia, kaa basi kidogo, mwenzangu. Yeye ananijibu, "Gari linanguruma, Mama Faith." Jibu hilo nimelisikia mpaka nikawa nalitoa mwenyewe kabla hajafungua mdomo.

Lori liliuzwa, likanunuliwa jingine lenye betri nzima, na bado akala wima. Mwili ulishazoea.

Sasa na mimi nina langu. Nimezaliwa Kasanga, pale kwenye Ziwa Tanganyika, na dada yangu Dominika yuko huko mpaka leo. Miaka kumi na tisa nilikuwa sijakanyaga. Cornelius yeye amekwenda Kasanga mara ngapi? Hawezi kuhesabu. Kila nikiomba lifti ya mume wangu mwenyewe, lori limejaa, Mama Faith, safari ijayo. Dominika alikuwa akinitumia migebuka mikavu kwa mkono wa mume wangu, na mimi nikimtumia unga wa ulezi kwa mkono huohuo. Samaki na unga vilisafiri zaidi kuliko mimi. Iliniuma, na sikuficha kwamba iliniuma.

Mwaka jana akastaafu. Nikasema haya, sasa tutaonana. Wiki ya tatu anakuja nyumbani na pikapu yake kuukuu inavuta tela. Na siyo tela la kubebea mahindi, ni kijumba. Cheupe, kina magurudumu mawili, madirisha ya pazia, mlango wa kufungwa na komeo. Mzungu mmoja na mkewe waliharibikiwa nacho Matai, wakachoka, wakamwachia kwa bei ya kuachiana.

"Ingia uone," akaniambia, na uso wote umejaa meno.

Nikaingia. Ndani kuna benchi mbili zinazotazamana, na katikati meza ndogo inayosimama kwa mguu mmoja. Akanionyesha ujanja wake: unang'oa mguu, unaishusha meza hadi kwenye kingo za benchi, unatandika godoro, basi ni kitanda. Asubuhi unairudisha, unakunywa chai. Halafu akasema maneno ambayo nilikuwa nimeyasubiri miaka yote hiyo. "Tarehe kumi na tano Agosti, Kupalizwa Bikira Maria, tutasali Kasanga na Dominika. Wewe na mimi."

Nilifurahi nikakosa pa kuweka mikono. Nikakimbia jikoni, nikachemsha chai ya maziwa, nikaileta kwenye tela tuizindue. Nimeketi, nimemimina vikombe viwili, nimeegemeza kiwiko mezani ninywe. Ule mguu ulikuwa kibomba chembamba tu, ukayumba, meza ikainama upande wangu, chai yote ikanimwagikia kwenye kitenge. Nainua macho, mume wangu yuko wapi? Mlangoni. Amesimama. Kikombe chake mkononi, hakikumwagika hata tone.

Hapo nilipandwa na hasira. Nikamwambia, "Cornelius, nisikilize. Mimi sipandi kitu hiki kwenda popote mpaka tumekula humu wawili, tumekaa, mezani, na chai isimwagike. Vinginevyo nenda peke yako kama ulivyozoea."

Nilisema mambo manne. Yeye akasikia moja la mwisho, kwamba chai isimwagike.

Siku hiyohiyo akaung'oa ule mguu, akaukunjia gotini kuonyesha ulivyo dhaifu, ukakunjika kweli, akautupia watu wa vyuma chakavu. Hata urefu wake hakuupima. Likumbuke hilo, tutalirudia.

Basi ikaanza kazi ya kutafuta mguu. Kwanza alikwenda kwa seremala, akarudi na meza ya mninga yenye miguu minne, imara, ukiipiga teke unaumia wewe. Lakini benchi zetu zimekaribiana. Nikiingia, mguu mmoja wa meza uko gotini kwangu na mwingine umeniziba njia. Na kitanda je? Miguu minne haishuki. Nikamuuliza kama tutalala juu ya meza au chini yake. Akaitoa nje. Sasa iko jikoni kwangu na naipenda sana.

Mara ya pili alikaa karakana yake ya uani siku nzima, akaniita kwa sauti ya ushindi. Nakwenda, nakuta meza imesimamia jeki. Jeki ya lori, ile ya mafuta, imefungwa kwa bolti sakafuni. "Hii imebeba tani kumi," akasema. "Itashindwa na sahani?" Ukitaka meza ipande unapampu, ukitaka kitanda unafungua kizibo inashuka yenyewe. Nikaona, kumbe mume wangu ana akili. Nikaweka ugali, nikaweka maharage, nikanawa, nikaanza. Meza haikuyumba hata kidogo. Ila nilivyokuwa nakula, nikawa naona nainama. Tonge la tano nimeinama zaidi. Tonge la kumi bakuli la maharage liko usawa wa magoti yangu, na Cornelius mlangoni, sahani mkononi, ananiuliza mbona unakula umekunja mgongo. Jeki ilikuwa inavuja. Ilishuka polepole na chakula changu, kwa adabu kabisa, bila kumwaga kitu.

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Yeye hakucheka siku hiyo. Agosti ilikuwa imebaki wiki tatu.

Kesho yake nikamwambia, leo tunakwenda wote, na tunakwenda kwa Azizi. Azizi ni fundi wa kuchomelea, uwanja wake uko nyuma ya soko, na mkewe Mwasiti anapika chakula palepale kando ya geti. Upepo wa Julai wa Sumbawanga mnaujua, tulifika masikio yamekufa ganzi.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee," Azizi akatuamkia, akafuta mikono. Cornelius akaeleza habari ya kibomba, ya mninga na ya jeki. Azizi aliposikia ya jeki akageuka kuangalia ukuta, mabega yanatikisika.

Alipopoa akasema, "Mzee, wewe unahangaika na unene wa mguu. Meza ya mguu mmoja haitaki unene. Inataka kitako."

"Kitako?"

"Kitako. Pale chini inapokalia. Kikiwa kidogo, hata uweke nguzo ya umeme itayumba tu. Meza yako haikukosa mguu, imekosa kitako."

Nikadakia hapohapo. "Si meza peke yake, Azizi. Na mwenye meza hana kitako. Miaka thelathini na mmoja sijamwona akikitumia." Mwasiti kule getini akaangusha upawa kwa kicheko. Cornelius akajifanya anachagua vyuma.

Na alichagua, sitamsingizia. Kwenye chuma yule mtu yuko nyumbani. Akavuta dramu la breki la lori, zito, pana, akasema kitako ndicho hiki. Azizi akakataa, akasema sakafu ya tela ni mbao nyembamba, dramu hilo litaizamisha na pikapu itavuta kwa shida mlimani. Wakabishana. Wakapata dramu la gari dogo, pana kuliko sahani yangu ya ugali, lakini mtu mmoja analinyanyua. Juu yake Azizi akachomelea bomba nene, na ndani ya bomba hilo likaingia bomba jingine linalobana, lenye pini ya kupitisha katikati. Ukichomoa pini, bomba la juu linatoka na meza yake, kitanda hicho. Cornelius akaongeza lake: pete ya mpira kati ya mabomba mawili, ili lisigonge njiani. Azizi akampa mkono kwa hiyo pete.

"Urefu, mzee?" akauliza, tepu mkononi.

Cornelius hakufikiri. Alisimama sawasawa, akaweka kiganja chake tumboni, juu kidogo ya mkanda. "Hapa," akasema. Azizi akapima kutoka kiganjani hadi chini, akakata.

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa naomba jiko la mkaa kwa Mwasiti. Maana nilishaapa moyoni kwamba safari hii sidanganyiki na maneno, mguu huu nitaupima kwa ulezi. Kila mwanamke wa Ufipa anajua ugali wa ulezi ulivyo. Wa mahindi unausonga huku unaongea. Wa ulezi unaushika mwiko kwa mikono miwili, unanyamaza, na sufuria isiposhikwa inazunguka na wewe. Meza itakayosimama huku ulezi unasongwa juu yake, hiyo imesimama. Azizi akaweka bamba la chuma juu ya mguu, juu ya bamba nikaweka jiko, juu ya jiko sufuria, Mwasiti akaishika kwa vitambaa, nikasonga. Nilisonga kwa hasira ya miaka yote. Mafundi wa uwanja wa pili walikuja kuangalia. Mguu haukutikisika. Mkaa haukuanguka. Nikaweka mwiko chini, nikasema, "Huu ndio."

Ugali ule tuliula palepale na mchuzi wa Mwasiti. Cornelius aliula wima, bila shaka.

Jumamosi Azizi akaja nyumbani na bolti zake nne, akakifunga kitako sakafuni mwa tela, akaweka meza juu. Ukiisukuma, haisogei. Ukiikalia, haisogei. Cornelius akanifungulia mlango kwa mkono, karibu mama. Nikaingia, nikaketi kwenye benchi.

Meza ilinifika kidevuni.

Niliangalia mbele, nikaona ukingo wa meza, na juu ya ukingo nikamwona mume wangu kuanzia mabegani. Ningeweza kula bila kuinua mkono, chakula ningekisukuma tu kwa pua. Azizi akachungulia, akarudisha kichwa nje upesi.

Nilitaka kumfokea. Maneno yalikuwa tayari. Halafu nikamwangalia alivyosimama kando ya meza ile, na kwake ilikuwa sawa kabisa. Ilimfika juu kidogo ya mkanda. Ilikuwa bampa. Mume wangu alikuwa amejenga bampa ndani ya nyumba, kwa uangalifu wote, na pete ya mpira akaiwekea. Na mimi mkali wa kupima mambo nilikuwa nimeusonga ulezi nimesimama, nikaona meza inanifaa vizuri sana. Tulikuwa wajinga wawili.

"Baba Faith," nikamwambia, "hii ni meza ya watu waliosimama."

Akaiangalia. Akaniangalia mimi, kidevu changu mezani. Nikaona anaelewa, na ilimchukua muda. "Sijui meza inatakiwa kufika wapi," akasema taratibu. "Mama Faith, kweli, mimi sijui mtu akikaa chakula kinamfika wapi." Hakuwa anatania. Nilimhurumia ghafla, na huruma ile ilinishangaza, kwa sababu nilikuwa nimeiandalia hasira nafasi yote. Miaka yote nilidhani ananikimbia. Kumbe hakuna aliyewahi kumpa mahali pa kukaa.

Azizi, Mungu ambariki, hakujifanya hasikii. Akaondoa meza juu, akasema, "Basi tupime upya. Mama, kaa hapo. Mzee, kaa pale."

Cornelius akakaa pembeni mwa benchi, nusu ya mwili, goti moja limeelekea mlangoni.

"Kaa kitako, mzee," Azizi akamwambia.

Akasogea kidogo.

"Kitako, nimesema. Kama mtu asiye na gari nje."

Akakaa. Mgongo ukagusa ukuta. Nikampa sinia tushike pande mbili, tukaliinua mpaka mikono yetu wote wawili ikawa inafika bila kunyanyua bega wala kuinama. Azizi akachora chaki kwenye bomba chini ya sinia. Ilipungua shubiri moja na vidole viwili. Akawasha grenda, cheche zikaruka uani, kipande kikaanguka. Kile kipande ninacho, nakitumia kuzuilia mlango wa jikoni, na wajukuu wakiuliza ni nini nawaambia hicho ni babu yenu alipokuwa amesimama.

Tarehe kumi na tatu tukaondoka. Nilipanda mbele kwenye pikapu, kitenge kipya, unga wa ulezi miguuni. Matai tulisimama kutia mafuta. Nikashuka kunawa uso, narudi, namkuta Cornelius ameweka chapati na maharage juu ya bampa la pikapu, anakula wima, macho barabarani. Moyo ulinishuka. Nilijua meza imepona, lakini mtu je? Nilipanda gari nikanyamaza hadi mteremko wa ziwa, na yeye anajua nikinyamaza kuna jambo. Kona zile tulizishuka taratibu, tela linatufuata, na nyuma hakukusikika kitu kugonga. Halafu ziwa likatokea chini, maji yote yale, na mimi nikaanza kulia kwa furaha, na kimya changu kikaishia hapo.

Dominika tulimkuta barabarani, amesimama tangu asubuhi. Tulishikana tukacheka tukalia, amekuwa mwembamba na mimi nimekuwa mnene, akaniambia kwamba nimemnyang'anya unene wake. Alitaka tule kwake. Nikamwomba mlo mmoja tu, huu wa kwanza, nile kwenye tela na mume wangu, nikamweleza kwa nini. Dada yangu hakuuliza mara mbili. Akatuletea migebuka mibichi ya kukaanga, akatufungia mlango yeye mwenyewe kwa nje, halafu akaufungua tena akacheka, akaenda.

Ulezi nilikuwa nimeshausonga kwenye jiko la Dominika na kuuleta. Nikaweka mezani. Nikamimina chai ya maziwa vikombe viwili, nikavijaza mpaka ukingoni makusudi. Nikaketi.

Cornelius alinawa. Akachukua sahani yake mkononi. Niliona mguu wake wa kulia unaelekea mlangoni, unakwenda wenyewe. Sikumwambia kaa. Nilikuwa nimesema kaa mara nyingi za kutosha.

Mlango ukagongwa. Kichwa kikaingia, kizee chenye kofia ya mafuta, Yonas, aliyekuwa dereva mwenzake zamani, sasa anatengeneza injini za maboti pale bandarini. "Cornelius, nimesikia umeingia," akasema. "Njoo mara moja uisikilize mashine hii, inakohoa. Dakika mbili tu. Njoo na sahani yako, si nakujua."

Yonas alikuwa anamjua kweli. Nikaangalia kikombe changu.

Cornelius akaweka sahani mezani. Akaingia benchini, akajisogeza, akajisogeza tena hadi mgongo ukagusa ukuta, akaweka viwiko viwili juu ya meza kwa uzito wake wote. Chai haikucheza.

"Siwezi, Yonas," akasema. "Unaona nimekaa kitako. Kama una njaa, zunguka upande wa mke wangu, nafasi ipo."

Yonas akamwangalia, akaniangalia, akavua kofia yake ya mafuta. "Nitakuja kesho," akasema, akaurudishia mlango polepole.

Tulikula. Cornelius anakula haraka akiwa amesimama, mnajua, lakini akikaa ni mtu mwingine. Anaongea. Alinisimulia habari za barabara ya Kasesya ambazo sijawahi kuzisikia miaka yote ya ndoa, na mimi nikacheka mdomo umejaa. Sahani zikaisha, chai ikaisha, na bado hakuinuka. Jua likahamia dirisha la pili. Mwishowe Dominika akaja kugonga, akauliza mlangoni kama tumekufa humo ndani.

"Tupo," mume wangu akamjibu. "Tuletee samaki mwingine, shemeji. Bado tunakula."